Shamba la Chilonwa (kikundi cha familia)

Shangazi Sechelela 05:52
Mbukwenyi wote. Usiku imenyesha. Kopo la mvua lina milimita 8. Asije mtu akakimbilia kupanda. Nimechimba kwa jembe sasa hivi, unyevu umeshuka vidole vinne tu, chini ni vumbi. Mbegu ikiota hapo, jua la siku tano linaimaliza.

Shangazi Sechelela 06:01
Tunangoja milimita 20 na zaidi ndani ya siku mbili, udongo ulowe sentimita 15 kwenda chini. Ukiufinyanga ushikamane. Kwa sasa ni matuta, Jumamosi. Maksai wa nani?

Shangazi Sechelela 07:40
Mmesoma watu 11. Maksai wa nani?

Mazengo 08:15
Shikamoo shangazi. Bondeni tuweke mahindi eka mbili basi. Mtama, ndege kwelea wanausubiri.

Shangazi Sechelela 08:19
Marahaba. Mahindi ya katikati ya Desemba yanatoa mbelewele katikati ya Februari, na mvua ya Dodoma inapenda kukatika hapohapo. Kukikauka, ndevu zinachelewa, chavua inamwagika bure, unavuna gunzi lenye punje za kuhesabu. Mtama ukikosa maji unakunja majani na kusimama, mvua ikirudi unaendelea. Kwelea tutaamia punje zikianza kuwa za maziwa, mpaka zikauke.

Mama Neema 08:31
Wifi akishika debe lake kwelea wote wanahamia Singida 😂

Upendo Dar 08:33
😂😂 Manyoni watatushtaki

Mazengo 08:34
Tumnunulie debe jipya

Shangazi Sechelela 08:50
Tutacheka tukivuna. Matuta yakate mteremko, sentimita 75 toka tuta hadi tuta, kimo 30. Ndani ya mfereji kila mita moja na nusu weka kizuizi cha udongo, kimo 20. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta, maji yakizidi yapite juu yake yabaki kwenye mfereji uleule. Vikilingana, tuta linapasuka, na likipasuka moja, yote ya chini yanafuata.

Yona 13:27
Hiyo ya kupasuka unanisema mimi.

Shangazi Sechelela 13:28
Sijataja mtu.

Yona 13:30
Korongo lile halikuanzia kwangu. Maji yalitoka barabarani.

Shangazi Sechelela 13:34
Na matuta yako yalifuata mteremko, Yona. Yakayaleta kwangu moja kwa moja. Mtama wangu ulilala chini ya mchanga.

Yona 13:35
Mbegu nilikulipa.

Shangazi Sechelela 13:35
Kilo 2.

Neema (simu ya Babu) 19:04
Babu anasema niandike hivihivi: "Korongo nisilisikie tena. Kichimbwe kwanza kinga maji upande wa barabara, ndipo matuta. Yona achimbe, Sechelela ashike kamba. Bondeni ni mtama. Mahindi yakae nyuma ya nyumba, penye samadi."

Yona 21:12
Ndiyo baba.

Shangazi Sechelela 21:13
Ndiyo baba.

Shangazi Sechelela 21:26
Mbegu ya mtama basi. Kilo 4 kwa eka, eka 4 ni kilo 16. Macia au Tegemeo, iliyothibitishwa. Ya ghalani ipakwe dawa kwanza, ugonjwa wa fugwe unasafiri na mbegu. Shimo hadi shimo sentimita 30, punje 4 au 5, fukia sentimita 3 hadi 5, usizidishe, udongo wa bondeni unaganda juu mche ukashindwa kutoka. Wiki ya pili tupunguze ibaki miche miwili, ardhi ikiwa na unyevu. Nani ananunua?

Mazengo 21:40
Mimi kilo 8.

Upendo Dar 22:58
Mimi nikipata mshahara shangazi 🙏

Shangazi Sechelela 05:20
Bado kilo 8. Na maksai.

Mama Neema 06:47
Wa jirani wapo, ila mmoja anachechemea. Nitauliza tena jioni.

Yona 07:02
Dada, fremu ya A ya kupimia usawa wa matuta ninayo. Uzi wa timazi umekatika, njoo na wako.