Mjadala: Je, wagonjwa wa moyo wanaoacha mazoezi ya utengamao ni wazembe?

Assalaamu alaykum. Ndugu yetu aliyefungua mjadala huu amesema kwamba wagonjwa wa moyo hapa Pemba wakisharudi kutoka matibabuni huhudhuria mazoezi ya utengamao, yaani mazoezi ya kuurudishia mwili nguvu baada ya maradhi, mara mbili tatu kisha hupotea, na akahitimisha kuwa huo ni uzembe. Kwa heshima zote, mimi naona hukumu hiyo ni nzito, tena inatuzuia kuona kinachowarudisha nyuma.

Baba yangu mdogo, mkaazi wa Konde, alipatwa na mshtuko wa moyo akatibiwa Dar es Salaam. Aliporudi alipangiwa kufika Chake Chake mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwacha asafiri peke yake, kila safari ilikuwa nauli ya watu wawili na siku nzima ya kazi ya kijana wake. Hata hivyo, naamini kilichomshinda khasa ni hofu ya sisi jamaa zake. Asubuhi moja nilimkuta uani ameshika ndoo ya maji isiyofika nusu, na mama mdogo akamnyang'anya: "Weka chini Baba Asha, daktari kakwambia upumzike." Daktari alikuwa amekataza mizigo mizito kwa wiki za mwanzo tu, na alikuwa amemhimiza kutembea, kwa mwendo ambao mtu bado anaweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Maelezo hayo alipewa mgonjwa peke yake. Mama mdogo hakuitwa kuyasikia. Kisha maumivu ya kifua yakaisha, naye akajiona amepona.

Kwa wanawake lipo pia suala la stara. Mama wa makamo anayetakiwa kupanda baiskeli ya mazoezi katika chumba kimoja na wanaume hatarudi, wala hatasema kwa nini.

Anayedhani tatizo hili ni letu tu azingatie Marekani. Huko Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipia hadi vikao 36 vya mazoezi haya, lakini kati ya wanachama wake waliostahiki mwaka 2016, takriban robo tu ndio walioanza, na katika hao walioanza, takriban robo ndio waliofikisha vikao vyote.

Kuna mchangiaji aliyependekeza kijengwe kituo kikubwa Unguja. Sikipingi, ila kwa mtu wa Micheweni, huku Pemba, kituo hicho kitakuwa ng'ambo ya bahari. Tafiti zilizolinganisha utengamao wa nyumbani wenye usimamizi na ule wa hospitalini zimeonesha matokeo yanayokaribiana, kwa hiyo kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa ningependa tuanzie majumbani, kwa simu ya kila wiki na kwa wahudumu wa afya wa jamii ambao tayari wanapita mitaani kwetu. Wenye moyo dhaifu sana au wanaopata mapigo yasiyo ya kawaida lazima waanze chini ya macho ya wataalamu. Hapo sina ubishi.

Ninalomuomba ndugu yetu, na wenzetu mnaofanya kazi katika huduma hizi, ni jibu la swali moja: mgonjwa anapokosa kikao, nani hupewa kazi ya kumpigia simu? Baba mdogo alikosa vinne mfululizo, na hakupigiwa.