Land Rover la marehemu Babu: gumzo la kikundi cha ukoo

IJUMAA JIONI

Rehema: Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote. Naandika kwa mara nyingine kuhusu Land Rover la marehemu Babu lililoko bandani Muheza, kwa kuwa ujumbe wangu wa juzi mmeusoma na hakuna aliyeujibu. Banda litabomolewa kabla ya masika, wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kufika na mizani yao, na yule bwana wa Arusha anayekusanya magari ya kale amesema hatataja bei mpaka aelezwe kwa uhakika ni modeli gani na ni la mwaka gani. Jumaa atakuwa bandani kesho asubuhi. Kila mwenye picha, kadi ya gari au karatasi yoyote aitume hapa.

Salum (Maskati): Mimi nina kumbukumbu moja tu, nayo ni kwamba gari hilo tulilisukuma zaidi kuliko tulivyolipanda.

Tunu: Na aliyesukuma kwa nyuma ndiye aliyekula moshi wote.

Rehema: Tafadhalini, tubaki kwenye suala.

Baba Mdogo Athumani: Gari hilo ni la mwaka 1954. Marehemu baba alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge, na siku lilipoletwa nilikuwapo. Sioni ni kitu gani kinachotafutwa.

Rehema: Shikamoo Baba Mdogo. Tunakushukuru, ila mnunuzi anataka ushahidi wa gari lenyewe.

JUMAMOSI

Jumaa: Shikamooni. Nimeingia bandani tangu saa 1 asubuhi. Gari limefunguliwa lote: fremu iko juu ya magogo, ekseli zimelazwa kando ya ukuta, injini iko chini ya turubai, na bodi imetawanyika vipande vipande. Nimeanza na mbavu za bodi ya nyuma. Series I, yaani toleo la kwanza la Land Rover, lililozinduliwa mwaka 1948, mbavu zake zilinyooka kama ubao, lakini hizi zimetuna kidogo chini ya mstari wa kiuno, na umbo hilo lilikuja na Series II mwaka 1958. Kwa hiyo 1954 haiwezekani. Baba Mdogo, uniwie radhi.

Baba Mdogo Athumani: Bodi hubadilishwa.

Jumaa: Ni kweli, ndiyo maana sikuishia hapo. Springi bado zimefungwa kwenye fremu, nikapima kutoka bolti ya kati ya springi ya mbele hadi bolti ya kati ya springi ya nyuma, nikapata kama sentimita 223, yaani zile inchi 88 za gari fupi, kutoka ekseli hadi ekseli. Mwaka 1954 gari fupi lilikuwa la inchi 86, na lile refu lilikuwa la 107. Tena geji zote ziko katikati ya dashibodi, ilhali katika Series III, lililoanza mwaka 1971, zilihamishiwa mbele ya dereva. Tumebaki na Series II au IIA, yaani kati ya 1958 na 1971.

Rehema: Umefanya vizuri sana. Wengine mnasoma au mmelala?

Hassan: Tunasoma. Naomba kuuliza, kwani kuna ubaya gani tukiliuza kwa kilo? Hao wanunuzi hawang'ang'anii bure.

Jumaa: Wanang'ang'ania kwa sababu bodi ni ya aloi ya aluminiamu. Nimepitisha sumaku kwenye bati la nje la milango yote na haikushika popote isipokuwa kwenye bawaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili bati la chuma lilikuwa la mgawo kule Uingereza, ndipo kampuni ya Rover ikaamua kutumia aluminiamu, na mpaka leo bodi hizo haziliwi na kutu, ila fremu, ambayo ni ya chuma, huoza. Ukiliuza kwa kilo, umeuza sufuria.

Salum (Maskati): Sufuria zenyewe zingepikiwa pilau tukala, kuliko gari ambalo halijatufikisha popote.

Rehema: Salum, nakuomba kwa heshima. Jumaa, endelea.

Jumaa: Madigadi ndizo zilizonichanganya. Ya kulia haina tundu la taa kubwa, kwa kuwa magari ya mwanzo taa zake zilikaa ndani, kwenye paneli ya radieta. Ya kushoto ina tundu la taa, na taa zilianza kuhamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Vilevile bodi yote ni ya bluu, lakini madigadi hiyo ya kushoto, ukiikwangua, chini ya bluu kuna kijani. Imetoka kwenye gari jingine.

Shangazi Mwanaidi: Kumbe ni upande wa kushoto! Basi mambo ya Hale sasa yana shahidi.

Baba Mdogo Athumani: Dada, mambo ya Hale hayahusiani na modeli ya gari.

Shangazi Mwanaidi: Ulituambia umekwaruzwa na tawi la mwembe. Tawi la mwembe haling'oi madigadi nzima, wala fidia yake hailipwi kwa ng'ombe wawili wa mama.

Salum (Maskati): Huenda mwembe wenyewe ulikuwa mwendo kasi na hauna leseni.

Tunu: Na ulitoroka baada ya ajali.

Baba Mdogo Athumani: Watoto wa siku hizi hamna adabu. Nimetulia.

Rehema: Ndugu zangu, wanunuzi wa vyuma chakavu wanarudi Jumatatu. Mambo ya Hale yana mahali pake, na mahali pake si hapa. Jumaa, namba ya fremu umeiona?

*(saa nne baadaye)*

Jumaa: Samahanini, umeme wa simu uliisha. Kile kibao cha kampuni kilichokuwa ndani ya kabini, ambacho ndicho huandikwa namba ya gari, kimeng'olewa na yamebaki matundu ya ripiti tu. Lakini namba hiyohiyo hupigwa pia kwenye fremu, upande wa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi. Nimesugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikaweka karatasi juu yake na kupitisha penseli. Tarakimu tatu za mwanzo zinasomeka vizuri: 142. Hiyo maana yake ni Series II ya inchi 88, injini ya petroli, usukani wa kulia, iliyotengenezwa kwa soko la nje ya Uingereza. Katika Series II tarakimu ya nne ndiyo inayotaja mwaka, nayo imeliwa na kutu. Naiona 8, nikigeuza tochi naiona 9. Zinazofuata nazo mbili hazisomeki.

Rehema: Kwa hiyo ni 1958 au 1959?

Jumaa: Naam, lakini huo ni mwaka wa modeli. Hata ikiwa 9, gari laweza kuwa limetoka kiwandani Solihull, Uingereza, miezi ya mwisho ya 1958. Na kuna jambo jingine. Fremu inasema petroli, lakini injini iliyo chini ya turubai ni ya dizeli, ina pampu na nozeli, na namba yake inaanza na 271, ambayo ni ya Series IIA iliyoanza mwaka 1961. Injini hii si ya gari hili.

Hassan: Yaani tuna madigadi ya gari la pili na injini ya gari la tatu. Huyo bwana wa Arusha ananunua gari au ananunua mkutano?

Rehema: Mwacheni Hassan. Namba ikikamilika tutaipeleka British Motor Museum, kule Gaydon, Uingereza, ambako kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa, nao hutoa cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipotengenezwa, rangi yake ya kwanza na lilikopelekwa. Cheti hicho kina malipo, kwa hiyo naomba kila mmoja aandike hapa atakachochangia.

Hassan: Mimi mwisho wa mwezi, inshallah.

Rehema: Mwisho wa mwezi upi? Wengine?

JUMAPILI

Rehema: Bado nasubiri majina.

Zuhura: Shikamooni nyote. Niko kwa Bibi. Nimemsomea mazungumzo yote tangu juzi, naye ameniamuru niandike maneno yake bila kupunguza wala kuongeza:

"Gari lile lilipofika lilikuwa la bluu na lilikunywa petroli. Marehemu aliliwekea injini ya dizeli baadaye sana, miaka ile petroli ilipokuwa ya kutafutwa na magari yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mwaka lilipotengenezwa siujui, Mzungu hakutuambia. Ninachokijua ni kwamba Athumani hakuwapo, kwa sababu nilikuwa nina mimba yake, naye nimemzaa mwaka wa Uhuru. Sasa sikilizeni. Hakuna kipande kitakachotoka bandani, kiwe cha mizani au cha Arusha, mpaka kile kibao kilichong'olewa kirudi kwangu. Aliyenacho anajijua, nami namjua."

Shangazi Mwanaidi: Tumesikia, mama.

Tunu: Tumesikia, Bibi.

Jumaa: Tumesikia. Na kwa faida ya mnunuzi, maneno ya Bibi yanaafikiana na fremu: lilikuwa la petroli, na lilifika kabla mwaka 1961 haujaisha.

Salum (Maskati): Mimi leo sina mzaha.

*(jioni)*

Baba Mdogo Athumani: Kibao ninacho. Nilikitoa mwenyewe mwaka tuliofungua gari, kwa sababu kulikuwa na watu waliotaka kukiuza, na watu hao wamo humu kikundini. Sikukiiba.

Rehema: Ahsante sana Baba Mdogo, Mungu akubariki. Basi naomba utupigie picha tu, hata usiku huu, ili nijaze fomu ya Gaydon.

Baba Mdogo Athumani: Sitapiga picha. Nitakipeleka kwa mama kwa mkono wangu, na namba nitaisoma mbele yake.

Rehema: Lini, Baba Mdogo? Jumatatu ndiyo kesho.

Baba Mdogo Athumani: Nikimaliza kuvuna mihogo.

Rehema: Angalau tutajie tarakimu ya nne.

Shangazi Mwanaidi: Rehema, mwache. Kesho mimi nitakaa mlangoni mwa banda, na huyo mwenye mizani tutazungumza. Jumaa, funika ile fremu usiku huu, mawingu yametanda.

Jumaa: Nimekwisha kurudi Tanga, Shangazi. Nitamwagiza jirani.

Rehema: Nitamwandikia bwana wa Arusha kwamba ni Series II ya inchi 88, ya 1958 au 1959, na kwamba injini si yake. Mchango wa cheti hadi sasa ni wa kwangu peke yangu.

Hassan: Mwisho wa mwezi huu, dada. Nimesema.