Mjadala: Gari kuukuu liondolewe barabarani kwa umri wake, au kwa moshi wake?

Mwenye Neon, Ntinda (Jumatatu usiku)

Naweka hoja mezani, naomba tujadiliane bila kutukanana.

Tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa haliruhusiwi tena kuingizwa Uganda. Sheria ile iliishia mpakani. Yaliyokuwa ndani tayari yaliachwa yaendelee. Sasa kila tukikwama kwenye foleni nyuma ya lori linalotema moshi mweusi, nasikia watu, tena watu ninaowaheshimu, wakisema kazi imebaki nusu: na haya yaliyo barabarani yawekewe ukomo wa miaka, likifika liende kwa wauza vyuma chakavu. Mimi napinga. Gari lipimwe breki zake na kinachotoka kwenye ekzosti. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi hauniambii lolote kuhusu hayo mawili.

Nina sababu ya kulisemea. Ninaendesha Chrysler Neon ya 1997, ya petroli, injini ya lita 2.0. Ni gari dogo la Kimarekani. Neon ziliundwa Belvidere, jimbo la Illinois, na zile za usukani wa kulia ziliuzwa Japani na Uingereza, ndiyo maana moja yao iliweza kufika Kampala kwa njia ileile ya akina Corolla. Uundaji wake ulikoma 2005. Hii nimekuwa nayo tangu 2014. Namba yake ni ya UAJ, za zamani, na rangi ya boneti imeliwa na jua, basi askari wa trafiki akiiona kwa mbali mkono tayari uko juu.

Lakini njoo uifungue. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, sijaruka hata mara moja. Gasketi ya silinda hedi, ile pedi inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, inajulikana kuwa ndiyo udhaifu wa Neon za mwanzo, kwa hiyo niliiweka ya chuma, ile ya tabaka kadhaa, kabla ile ya zamani haijaanza kuvujisha oili. Redieta ina maji ya rangi, yale maalumu ya kupozea injini, si maji ya bomba. Breki za mbele mpya mwaka jana. Dashibodi haina taa hata moja ya onyo inayowaka. Spea ndiyo shida: kwenye soko la spea la Kisekka ukitaja Neon wanakuangalia, halafu wanakuuliza kama una ile ya zamani mkononi wailinganishe na ya Toyota. Pampu ya maji niliisubiri wiki sita itoke Uingereza, nikawa mtu wa boda mvua na jua.

Kwa mwaka matengenezo hayazidi milioni moja na nusu. Nilipoulizia kwenye bondi za Nakawa, wanakouza magari yaliyoagizwa nje, kigari kidogo kabisa cha Kijapani kilianzia juu ya milioni 20. Mnaosema magari haya yaondolewe, niambieni watu kama mimi tunaenda wapi.

Muuguzi, Kawempe

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na naona unalitunza gari lako. Hata hivyo sikubaliani nawe.

Ninafanya kazi kwenye wodi ya watoto. Usiku wa juzi aliletwa mtoto wa miaka minne, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, mama yake amembeba kutoka Bwaise kwa boda. Tulimwekea mashine ya kuvuta dawa mara tatu mpaka akaweza kunywa maji. Mama aliniuliza kama ni vumbi. Nikamwambia vumbi lipo, na mkaa upo, na takataka zinazochomwa zipo, lakini wanalala hatua kumi kutoka barabara ya Bombo. Wataalamu wa AirQo, pale Chuo Kikuu cha Makerere, wametega vipimo vyao vya hewa sehemu nyingi za mji. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema chembe ndogo kabisa za uchafu hewani, zinazoingia mapafuni, zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Kampala tuko juu ya hapo mara nyingi. Si mara mbili.

Sasa hoja yangu. Unasema gari lipimwe. Nani alipime? Ukaguzi wa lazima tuliwahi kuuanza, ukasitishwa kabla watu hawajauzoea. Na hata ukirudi, unajua na mimi najua kitakachotokea: gari bovu litaingia mlango mmoja na kutoka mlango mwingine na cheti, kwa sababu kuna bahasha katikati. Mwaka wa kuundwa hauhongeki. Umeandikwa, kila mtu anausoma. Ndiyo maana nautaka umri, ingawa najua utamwonea mtu mmoja mmoja kama wewe. Mtoto yule naye anaonewa, na hana gari.

Dereva wa taksi, njia ya Gayaza

Dada muuguzi, pole kwa kazi. Lakini mimi taksi yangu ni ya 1994 na abiria 14 wanaipanda wakiwamo hao wamama wanaoleta watoto hospitali. Ikiondolewa kesho, nauli itapanda kesho. Mnaopitisha mkumbuke hilo.

Mfanyabiashara, Busia

Nakaa mpakani, nayaona yanapita. Wenzetu wa Kenya wameweka miaka 8, mwisho, gari likizidi halishuki Mombasa kwa ajili ya Mkenya. Tanzania hawajafunga mlango, wanatoza zaidi kadiri gari linavyozeeka. Lakini Wakenya, pamoja na miaka 8 yao, hawajamfuata mtu nyumbani kwake kumnyang'anya Peugeot ya babu yake. Vuka upande wa pili utaziona bado zinabeba nyanya. Rwanda ndiyo waliochukua njia nyingine: polisi wao wanapima magari, na mtu hatembei bila cheti. Kwa hiyo, dada, si kweli kwamba kupima hakuwezekani katika eneo letu.

Jambo moja ambalo halijaguswa. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kuhusu magari yaliyotumika yanayouzwa nchi zinazoendelea, Afrika ikiwamo, na Uganda ikatajwa: mwaka 2017, wastani wa umri wa magari ya dizeli yaliyokuwa yanaingia kwetu ulikuwa zaidi ya miaka 20. Ya dizeli! Tunabishana juu ya kigari cha petroli cha Ntinda wakati malori ya kokoto na mabasi ya usiku ndiyo yanayotufukiza.

Fundi wa Ndeeba

Nimekuwa nasoma tu. Nina miaka 22 kwenye kazi hii, niseme kidogo.

Ndugu wa Busia, dizeli unasema kweli. Lakini petroli isiachwe iende bila kuulizwa. Petroli isiyo na moshi wa kuonekana bado inaweza kuwa chafu. Gari la petroli la miaka ya 90 kutoka Japani au Marekani lilikuja na katalisti, ule mtungi wa chuma chini ya sakafu, ndani yake kama sega la nyuki lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na gesi za naitrojeni zinapita humo zikiwa moto, zinatoka zimepunguzwa makali. Ukiutoa mtungi ule, gari linakwenda vilevile. Wewe uliyekaa kwenye usukani hutajua. Anayejua ni aliye nyuma yako na pua.

Na mitungi ile haipo tena! Nainua magari kila siku, naona bomba tupu limechomelewa mahali pake. Mingine iliuawa na petroli yenye madini ya risasi kabla Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara haijaachana nayo mwanzoni mwa 2006. Magari mengine yalikuja Mombasa bila mtungi. Na mitungi mingine, nasema hili kwa uchungu kwa sababu ni kazi yetu, ilitolewa hapahapa mjini na mafundi, kwa sababu kuna wanunuzi wa mitungi hiyo wanaolipa vizuri kuliko kazi ya siku nzima.

Mzee wa Neon, unasema dashibodi haina taa inayowaka. Nakuomba jambo moja. Ingia kwenye gari, usiwashe injini. Zungusha funguo uwashe umeme, uzime, uwashe, uzime, uwashe, haraka, isizidi sekunde tano, uache umeme ukiwa umewaka. Chrysler za wakati ule zinajisema zenyewe: taa ya injini itamweka. Mmweko mmoja, kituo, mimweko miwili, hiyo ni 12. Hesabu uniandikie. Ikimweka tano, kituo, tano, ndiyo mwisho wa habari.

Mwenye Neon, Ntinda (Jumanne usiku)

Fundi, nimefanya mara nne. Hakuna kilichomweka. Nimefurahi, nadhani ina maana hakuna kosa lililorekodiwa.

Fundi wa Ndeeba

Hapana, mzee. Hata kama hakuna kosa, 55 lazima ije. Na kabla ya hapo, ukiwasha umeme tu bila injini, taa ile inatakiwa iwake yenyewe kuonyesha kwamba iko hai. Inawaka?

Mwenye Neon, Ntinda

Haiwaki. Nimekaa hapa kwenye giza nimeitazama. Ya betri inawaka, ya oili inawaka, ya breki inawaka. Ya injini, hapana. Miaka yote hii sikuwahi kuiangalia na sikuwahi kujiuliza.

Muuguzi, Kawempe

Naomba kuuliza wakati mnasubiriana. Fundi, wewe unaunga mkono upande gani? Umri au vipimo?

Fundi wa Ndeeba

Dada, nikikujibu vizuri nitakuudhi kidogo. Nina hapa garajini gari la 2009, limeingia kihalali, mwenye nalo ni mtu mkubwa, halina mtungi. Na nina Corona ya 1992 ya mzee mmoja mstaafu ambayo mtungi wake wa asili bado upo. Ukomo wako wa umri unaiua Corona na kuliacha lile la 2009. Kwa hiyo nasema vipimo. Lakini kwenye bahasha siwezi kukubishia, nimeziona. Mimi ningetaka mashine yenyewe ichapishe karatasi, namba ya gari na namba za gesi zikae mahali ambapo hata jirani anaweza kuziangalia. Mtu akihonga, namba zitamwaibisha.

Dereva wa taksi, njia ya Gayaza

Na wasio na pesa ya mtungi?

Fundi wa Ndeeba

Hapo ndipo pagumu, mdogo wangu. Mtungi mpya wa kweli ni ghali, na wa bandia unaouzwa rahisi ndani ni bati tupu. Kama serikali inatoza ushuru wa mazingira kwenye magari ya zamani yanapoingia, pesa hiyo na ije huku chini kwenye mitungi na kwenye mashine za kupimia. Sijaona ikija.

Mwenye Neon, Ntinda (Jumapili)

Jana nililala chini ya gari. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninachoandika.

Nilianza na dashibodi. Nilifungua skrubu za kioo cha spidi, sikugusa betri kama fundi alivyoniagiza kwa simu, nikatoa kile kitako cha taa ya injini. Balbu hakuna. Kitundu kimekaa wazi na vumbi lake. Nikachukua balbu ya mia tano, nikaweka, nikarudisha. Nikawasha umeme: ikawaka, rangi ya chungwa, nikiwa na gari hili mwaka wa kumi na kitu ndiyo kwanza nauangalia uso wake. Nikazungusha funguo kama nilivyofundishwa. Ikamweka mbili, kituo, moja. Kisha tano, tano. Fundi anasema 21 ni sensa ya oksijeni, ile inayopima hewa ndani ya ekzosti.

Nikapiga jeki, nikaweka mawe mawili chini ya fremu, nikaingia. Sensa ya nyuma haipo. Waya wake umekatwa, umefungwa kwa gundi nyeusi ya utepe, umekunjwa juu ya sakafu. Na mahali pa mtungi pana bomba la nyumba, la kawaida kabisa, limechomelewa ncha zote mbili, weldi mbaya mbaya. Nililipapasa lote kwa mkono.

Nimekumbuka. Mwaka 2019 nilipeleka gari kwenye garaji moja, silitaji jina, ekzosti ilikuwa inagonga. Waliniambia imeoza, wakatengeneza kwa bei ndogo ambayo niliisifia kwa watu. Nilipotoka pale mlio ulikuwa umebadilika kidogo, nikaona ni kawaida ya bomba jipya. Taa ya injini bila shaka iliwaka, nao wakaizima kwa kuing'oa.

Dada muuguzi, tangu 2019 napita Kawempe kila Alhamisi kwenda kumwona mama yangu Matugga. Naendesha nikijua gari langu ni safi. Nilikuja hapa kulitetea kwa usafi huo.

Msimamo wangu sijaubadilisha, na nataka nieleze kwa nini, usije ukadhani ni ubishi. Kama kungekuwa na kipimo cha kila mwaka, ningeambiwa 2020. Ningekasirika, ningelipa, mtungi ungerudi. Badala yake nimeishi kwa neno langu mwenyewe miaka yote hii, na neno langu lilikuwa si kweli. Lakini niliposema "gari langu lipimwe" nilikuwa nasema nikiwa na uhakika litapita. Halingepita. Naomba hilo lihesabiwe upande wako.

Muuguzi, Kawempe

Asante kwa kulisema mbele ya watu. Bado nautaka ukomo wa umri kwa dizeli, malori na mabasi, hapo sitikisiki, na ndugu wa Busia naona tuko pamoja. Kwa magari madogo ya petroli nitafikiria zaidi lile la namba kuwekwa wazi. Mtoto yule aliruhusiwa Ijumaa. Amerudi Bwaise, kwenye chumba kilekile.

Fundi wa Ndeeba

Mzee, usiutumie mtungi wa bati. Kuna Neon moja ilifungwa Mukono miaka mingi iliyopita baada ya ajali, nitauliza kama chini bado kuna kitu. Ukikosekana, tutaagiza wa ukubwa unaolingana tuuchomelee vizuri, na sensa ya waya nne inapatikana. Njoo Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, injini ikiwa baridi. Balbu usiitoe.

Mwenye Neon, Ntinda

Nitakuja. Alhamisi kwa mama nitaenda kwa taksi.