Tangi la mji mdogo: chuma la 50 au zege la 100?

Bomba_Koboko: Wakubwa, salaam. Bodi yetu ya maji inakaa Ijumaa kuamua tangi jipya. Kuna kotesheni mbili: chuma la mita za ujazo 50 juu ya mnara, au zege la 100 kilimani. Bei zinakaribiana. Tuchukue lipi?

Mama_Kisima: Ndugu, watu wangapi? Pampu inatumia nini? Hicho kilima kina urefu gani?

Bomba_Koboko: Watu 6,000, wengi wanateka kwenye kioski. Pampu ya sola. Kilima hakijapimwa.

Mama_Kisima: Jerikeni moja ya lita 20 kwa kila mtu ni mita za ujazo 120 kwa siku. Sola inasukuma saa sita hivi, mchana, na watu wanateka alfajiri na jioni. La 50 litajaa adhuhuri, pampu izime jua likiwa kali, halafu asubuhi foleni. Usishuke chini ya 100.

Fundi_Arua: Chuma mimi sikitaki tena. Kuna mji nilisimamia mitambo yake, tangi la paneli. Haukupita muda, gaskiti (mipira ya kuziba maungio) za upande wa magharibi zikakauka kwa jua, maji yakawa yanachuruzika usiku kucha. Maji ya kisima kile yalikuwa na asidi. Ukigusa boliti, kidole kinatoka na kutu. Tukazikaza, zikakatika. Mkandarasi hapokei simu. Wanawake wakaanza kukinga maji chini ya mnara, mapato ya kioski yakaanguka, na bodi ikamlaumu mtunza kioski!

Yumbe_Maji: Zege nalo hupata nyufa likijazwa maji kabla halijakomaa. Mimi ningenunua plastiki kumi za lita 10,000. Moja likipasuka, tisa yanaendelea.

Fundi_Arua: Na maungio ya matangi kumi nani atayalinda? Tani 100 za maji utaziweka jukwaa gani?

Yumbe_Maji: Yakae kilimani, mzee. Nani kasema jukwaa?

Mama_Kisima: Kilima kipimwe kwanza. Mita 10 za mwinuko ni bar moja tu ya presha, na bomba refu linaila. Kioski cha mwisho kitakauka.

Yumbe_Maji: Na klorini mnatia wapi? Kisimani au tangini?

Bomba_Koboko: Tangini, kwa mkono. Kesho naazima levo, kile kifaa cha kupimia mwinuko, kwa fundi wa barabara nipime kilima.

Fundi_Arua: Mita ya kupima maji yanayotoka tangini inasoma ngapi kwa siku?

Bomba_Koboko: Imekufa tangu mwaka jana.

Mama_Kisima: Basi hata 120 yangu ni makisio, na uvujaji haumo. Omba bodi inunue mita kabla ya Ijumaa.

Fundi_Arua: Bodi gani inanunua mita kwa siku tatu?