Madalali wa safari za daivu Pemba, acheni kutuuzia "papa wa uhakika"!!

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu usifutwe, nina hasira kweli lakini hakuna neno naloandika hapa ambalo sina meseji yake kwenye simu.

Sisi ni grupu la madaiva (wazamiaji wa mitungi) wa hapa hapa Unguja, wengi wetu kazi yetu ndo hiyo, kutwa tunabeba mitungi tunawashusha wageni Mnemba na Leven Bank, lakini safari ya kulala kwenye boti siku kadhaa tukadaivu wenyewe bila kumuangalia mgeni, hiyo tulikuwa tunaisikia tu. Tukaanza kuchangishana kidogo kidogo. Lengo moja, twende Pemba tukamuone pingusi, yule papa wa kichwa cha nyundo. Mie ndo nilopewa kutafuta boti na kushika pesa za watu, kwa hiyo simu zote za "vipi imefikia wapi" zinalia kwangu.

Tukampata dalali (jina siliweki, nataka kwanza pesa zirudi), anauza safari ya Misali, Fundu Gap, Njao, halafu boti izunguke upande wa mashariki. Kwenye tangazo kaandika kwa herufi kubwa PAPA UHAKIKA 100%. Akatutumia na video, pingusi wamejaa kundi zima, chini imeandikwa Pemba. Tukaitazama tukaitazama mpaka mwenzetu mmoja akasema hebu rudisha nyuma, na kweli, pembeni anapita simba wa bahari. Jamani, simba wa bahari Pemba tangu lini? Wale wako Galápagos huko Ecuador, na huko ndiko watu wanakolipia boti za kulala kwenda visiwa vya Darwin na Wolf kuona pingusi makundi kwa makundi. Nimemuuliza, kanijibu "bahari ni moja ndugu yangu". Yaani kamchukua papa wa Pasifiki kaniuzia mie mtoto wa Nungwi nilokulia kwenye maji haya haya.

Mie sisemi Pemba hakuna papa. Wapo. Ule mkondo baina ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, ukuta unaporomoka karibu tu na miamba, maji yanakwenda mbio, mahali kama pale papa wakubwa wanapita. Lakini anapita, hakai akikungoja. Ukimuona pingusi umebahatika, na bahati yenyewe inapungua, nenda mnadani asubuhi uone majarife (nyavu kubwa) na dhulumati (kamba ndefu za ndoana nyingi) zinaleta nini, mpaka vile vichanga unavyoweza kuvibeba kwa mkono mmoja. Pingusi wale wa kutembea makundi tangu 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamewaweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Maldives walipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010, leo wanauza safari za papa na watu wanawaona kweli. Mvuvi wetu mie simlaumu, ana nyumba ya kulisha na hakuna alomwambia ampate wapi samaki mwengine. Namlaumu huyu anaekaa ofisini na kiyoyozi anauza kitu ambacho hajui kama bado kipo.

Sasa sikilizeni hili ndo lilonitoa moto. Nilipombana hiyo uhakika inatoka wapi, kasema tusiwe na wasiwasi, watamwaga damu na matumbo ya samaki usiku tukitia nanga Misali, asubuhi papa watakuwa wamekuja. MISALI! Kisiwa kile kina wavuvi wa dago (wanaopiga kambi ufukweni), watu wanazamia na miwani kutafuta riziki, hawana kizimba wala boti ya kuwasubiri juu, halafu wewe unamwaga damu ukamuite papa ili mteja wako apige picha? Na ile ni hifadhi toka 1998, wenyeji wenyewe walikaa wakagawana wapi pavuliwe wapi paachwe. Likitokea la kutokea nani atabeba lawama, dalali yuko mjini.

Na boti yenyewe. Tulioneshwa boti ya ghorofa mbili yenye kompresa (mashine ya kujazia mitungi hewa). Tumelipa adivansi, ikaja meseji kwamba hiyo iko matengenezo, tutapewa jahazi "limekarabatiwa, magodoro mapya". Kompresa hakuna, mitungi itakwenda kujazwa Mkoani kila jioni. Sasa kama kila jioni mitungi inarudi Mkoani, huko mashariki tutafika saa ngapi? Si bora tulale gesti Chake tuajiri boti ya siku, nusu ya bei. Tarehe nazo kazihamisha, tulikubaliana tanga mbili, upepo umetulia, kabla kaskazi haijaanza, yeye katupeleka mwezi wa tano, masika imekolea, maji machafu, mvua juu. Bei ile ile.

Nikamuuliza ya usalama. Oksijeni ya dharura ipo? Chumba cha kulala chini kina mlango wa pili wa kutokea? Usiku nani anakesha? Kanambia naleta mkosi. Mkosi!! Septemba 2019 kule California boti ya madaiva, Conception, iliungua usiku watu wamelala chini, wakafa 34, na hakuna alokuwa anakesha. Na sisi Wazanzibari tufundishwe na nani, Spice Islander ya Septemba 2011 ilikuwa inakwenda Pemba hiyo hiyo, hakuna mtaa hapa usiojua msiba ule. Kuuliza mlango wa kutokea uko wapi ni haki yangu, na ni haki ya mama zetu wanaotungoja nyumbani.

Baada ya hapo ndo akatoa neno kwamba adivansi hairudishwi. Kwenye risiti halipo, kwenye tangazo halipo, wakati anapokea pesa hakulisema.

Nimempa mpaka Ijumaa. Pesa zisiporudi zote, Jumatatu nipo Kamisheni ya Utalii na video, risiti na meseji zote, na jina nitaliweka hapa hapa. Kama kuna mtu kafanyiwa hivi hivi naomba aniandikie inbox twende pamoja. Na kama kuna anaejua boti ya kulala ya kweli, yenye kompresa yake, oksijeni na nahodha anaeijua mashariki ya Pemba, anaekuambia wazi papa anaweza asionekane, basi weka hapa. Huyo tutamlipa, hata tukirudi hatujaona mkia.