Shahidi wa mauaji ahamishwe, na miti yake ya mbao aiangalie nani?

Mnyalu wa Mafinga: Kamwene wakuu. Huku Mufindi kuna mtu aliona mauaji kwa macho yake, polisi wakamwandika maelezo, sasa ndugu wa mtuhumiwa wanamgongea usiku wanasema wamepita kumsalimia tu. Kilabuni tumebishana mpaka pombe ikaisha. Wengine wanataka serikali imhamishe na jina abadilishwe kama Marekani, mi nasema kwa mkulima hiyo haiwezekani, ana ekari za misindano hazijafika hata nusu ya kuvunwa, umpeleke Kigoma akale nini? Mnasemaje?

Kijana wa Soweto Mbeya: Mkuu unadharau kitu kinachofanya kazi. Marekani walianza mwaka 1971 baada ya ile sheria ya 1970 ya kupambana na magenge, wameshalinda zaidi ya watu 19,000 ukijumlisha na familia. Mtu anapewa vitambulisho vipya, nyumba, posho ya kuanzia, anasaidiwa kutafuta kazi, tena wengi wanashauriwa wabaki na jina la kwanza au herufi zake ili asishtuke akiitwa. Masharti ndo magumu, hurudi kwenu, hupigi simu hovyo. Wanaolinda wanasema hakuna aliyefuata masharti akauawa. Hata Kenya hapo wana sheria ya 2006 na wakala kabisa wa kulinda mashahidi, sisi tunashindwa nini?

Mnyalu wa Mafinga: Hiyo Kenya uliyoitaja, kesi ya Ruto kule mahakama ya kimataifa ya Hague ilisitishwa Aprili 2016 na mashahidi kuingiliwa ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Wakala tayari ulikuwepo.

Bibi Harusi wa Tukuyu: Na hao wanaolindwa Marekani wengi ni wahalifu wenyewe jamani. Gravano, mtu wa genge la mafia la New York, alikiri kuhusika na mauaji ya watu 19, akamtolea ushahidi bosi wake Gotti mwaka 1992, akafichwa, akatoka mwenyewe kwenye ulinzi, mwaka 2000 akakamatwa Arizona na dawa za kulevya. Kodi yangu ya ndizi iende huko?? Hapana.

Kijana wa Soweto Mbeya: Dada huyo alikuwa mhuni anayewajua wahuni wenzie, ndo maana ushahidi wake ulikuwa na uzito. Ila wa Mufindi ni mkulima tu, tusichanganye.

Mzee wa Makambako: Wanangu, hamna haja ya kumhamisha, afichwe tu mahakamani. Hata kwenye kesi ya uhaini ya Lissu, yule mwanasiasa wa upinzani, mwaka 2025 Mahakama Kuu iliruhusu mashahidi raia wasionekane.

Mnyalu wa Mafinga: Shikamoo mzee, hapo ndo nakataa kabisa. Kwanza ile ruhusa yenyewe imepigiwa kelele nchi nzima. Pili kesi za huku kwetu nyingi chini yake kuna ugomvi wa mpaka wa shamba au mtu kaitwa mchawi, sasa mtuhumiwa asipomwona anayemsema atamuulizaje "wewe si ndo ulihamisha bikoni zangu mwaka juzi?" Unaweza kunyongesha mtu kwa chuki za majirani. Halafu kijijini sura unaificha vipi, usiku ule walikuwepo watu wachache na kila mtu anajua nani alitoka na nani, na kabla kesi haijapanda Mahakama Kuu maelezo ya mashahidi yanasomwa mbele ya mtuhumiwa, siri iko wapi tena?

Mi ninavyoona kinachomuua shahidi wetu ni muda. Upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine, upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine, huku ye yupo palepale na nauli ya kwenda mahakamani anajitegemea. Sheria yetu ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi inamruhusu aombe ulinzi akihofia maisha au mali yake, ila aombe kituo kilekile ambacho binamu wa mtuhumiwa anaingia kupiga stori? Wapelelezi watoke nje ya wilaya, kesi ya shahidi aliyetishwa ipewe nafasi mapema, na wanaomgongea wafunguliwe kesi yao kesho asubuhi.

Mzee wa Makambako: Marahaba. Hilo la binamu kituoni ni kweli tupu. Lakini hao wanaogonga, nani atasimama mahakamani aseme aliwaona?

Bibi Harusi wa Tukuyu: 😂😂 Mzee kamaliza. Mnyalu jibu.