Bendi ya Stanford na roki za babu zao, hivi huu si utani?

Wakuu leo sina salamu ndefu, nimetoka kubishana na watu mpaka bando limekata, mimi nasema bendi ya Stanford ipige nyimbo za sasa, wao wanasema roki za zamani ni mila zisiguswe.

Kwa asiyeijua, ile bendi ya chuo kikuu cha Stanford kule California siyo matarumbeta ya mguu sawa na mistari iliyonyooka. Mwaka 1963 mkurugenzi wao aliondoka wanafunzi wakagoma, akaja Arthur Barnes akawapa uhuru, basi toka hapo wanakimbia uwanjani kila mtu kivyake kama kuku wamefunguliwa banda halafu wanajipanga upya, na maskoti wao ni mti unaocheza!! Ndo hao hao 1982 walioingia uwanjani wakidhani mechi ya futiboli ya Kimarekani na Cal (chuo cha Berkeley, wapinzani wao) imeisha, Kevin Moen, mchezaji wa Cal, akapita na mpira katikati yao akafunga na akamzoa mpiga tromboni wa watu.

Sasa vichaa hao eti ukigusa nyimbo zao unaambiwa "mila". Mila gani? All Right Now, ile roki ya bendi ya Free ambayo hao wa Stanford wanaipiga, imetoka 1970. Walipoanza kuipiga ilikuwa kitu cha juzi tu, ndo maana ilikuwa uhuni, vyuo vingine vinapiga machi za kijeshi wao wanapiga roki ya redioni. Leo dogo wa mwaka wa kwanza anapuliza wimbo ambao babu yake alitongozea, alafu mnaita uasi. Najua wanachomekaga vipya ila mashabiki wazee wakisikia tu wananuna, na kelele zote mnawapigia madogo.

Hoja eti muziki wa siku hizi hauna kitu cha kupulizia, ni biti na maneno tu. Jamani!! Nendeni mkawasikilize Human Jukebox, bendi ya gwaride ya Southern University pale Baton Rouge, Louisiana, wimbo unatamba redioni wao washaupanga kwa sousafoni na matrampeti mpaka unausahau wa studio, na wale wana nidhamu ya gwaride kabisa. Yaani wenye yunifomu wamewazidi uhuni nyie wenye mti, aibu hamuoni?

All Right Now sijasema ifutwe, timu ikifunga ipigeni hata mimi nitaruka. Hizo nyingine za enzi hizo ndo mniambie zinangoja nini kuondoka.

Na yule aliyeniambia sijui hata kushika tarumbeta, ni kweli sijui mkuu, ila masikio ninayo mawili.